Ng'ombe wa Baba Ukutani

Kila ninapomwaga maji juu ya chokaa kwenye ndoo, nayo ikaanza kuchemka yenyewe bila moto na kutoa ule mvuke unaokwaruza puani, huwa narudi nyuma hatua moja na kusimama kimya. Wenzangu ninaopaka nao kuta hudhani nakinga macho. Ni kweli nakinga macho. Lakini pia huwa nasubiri, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha ghalani kabla sijaamua kwenda.

Majuzi nilikuwa Mwanza. Kulikuwa na maonyesho madogo ya sanaa, na turubai zangu tatu zilitundikwa karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia anazipita akitafuta zile kubwa za ndani. Dada mmoja aliyekuwa anawarekodi wasanii akanisogezea simu mdomoni, akaniuliza, "Wewe sanaa umesomea wapi?" Nikasema, "Bariadi." Akauliza, "Chuo gani?" Nikatazama viatu vyangu. Rafiki yangu, mfinyanzi aliyekuwa na meza yake ya vyungu jirani, akaniokoa: "Huyu kajifunza mwenyewe. Kaishia la saba." Watu wakatikisa vichwa, nusu kwa sifa nusu kwa huruma, wakahamia kwa mwingine.

Nimerudi nyumbani na jibu lile bado limenikwama. Si la kweli. Sikujifunza mwenyewe. Ila jibu la kweli ni refu, nami huwa siwezi kusema vitu virefu mbele ya watu. Kuandika naweza. Naandika polepole, ukurasa mmoja kwa jioni mbili, lakini hakuna anayenishikia simu mdomoni.

Nilikuwa mtoto asiyeongea. Nyumbani niliongea, tena mama husema nilikuwa na maneno mengi kuliko kuku. Lakini nikivuka tu uzio wa minyaa wa boma letu, sauti ilikuwa inabaki nyuma. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona kwamba neno likishatoka halirudi, na watu wote wanaligeukia kulitazama, nami sikupenda kutazamwa.

Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mama alinipaka mafuta mpaka kwenye vidole vya miguu. Mwalimu aliyekuwa anaandikisha aliniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili. Nikalishika vizuri kabisa. Akasema umri umetosha. Kisha akaniuliza, "Unaitwa nani, mwanangu?"

Nikaitazama kalamu yake.

"Jina lako nani?"

Mama akasema, "Anaitwa Minza."

"Mama, sijakuuliza wewe. Nimemuuliza yeye."

Nilijua jina langu. Nililisikia likigonga kwa ndani kama ndama aliyefungiwa. Halikutoka. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ndefu mlangoni na jua lilikuwa limeshapanda. Akafunga daftari kidogo, akasema, "Mrudishe mwakani, akishajua kuongea."

Baba alipoambiwa hakukasirika. Alikuwa anakata kamba ya ngozi, akaendelea kuikata. "Basi aende Sola," alisema. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameolewa huko Sola upande wa Maswa, na alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mashamba mawili ya pamba. Alishaomba mara mbili apewe msichana wa kumbebea mtoto akiwa anapalilia. Watoto wa kike waliokwenda kubeba watoto wa watu niliwajua. Walikuwa wanakwenda kwa msimu mmoja, halafu msimu unazaa msimu mwingine, na wakirudi wanakuta wenzao waliokuwa nao wanasoma barua za wazazi wao kwa sauti.

Mama hakutaka niende. Hakusema hataki. Alisema tu, huku akipepeta mtama, "Shangazi yake atamhitaji palizi ikianza. Kabla ya hapo si akakae na wenzake pale ghalani, asinizungukezunguke hapa?" Baba akasema sawa. Ndivyo nilivyopata wiki zangu ghalani, kwa neno la mama lililosemwa kana kwamba ananifukuza.

Ghala lenyewe lilikuwa la pamba, mwishoni kabisa mwa Somanda, pembeni mwa mji wa Bariadi, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana na mashamba yanaingia katikati. Pamba ilikuwa haihifadhiwi tena pale. Mwanaume mmoja kutoka Mbeya, ambaye mke wake alikuwa muuguzi aliyehamishiwa hospitali, aliomba alitumie kwa watoto wadogo. Watu walisema alikuwa mwalimu wa serikali akaacha mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Alilifagia, akatoa nyuzi za pamba zilizoning'inia darini kama ndevu, akapaka kuta zote chokaa. Tulipoanza kuingia, harufu ya chokaa mbichi ilikuwa bado inauma puani, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine ya zamani, ya mafuta ya mbegu za pamba. Hadi leo kwangu harufu hizo mbili zikikutana ndiyo shule.

Hapakuwa na dawati wala ubao. Palikuwa na mikeka, na kando ya ukuta mmoja mbao zilizolazwa juu ya matofali, chini sana, usawa wa kifua changu. Juu ya mbao palikuwa na makopo. Moja lina mbegu za pamba na za mtama zilizochanganywa, uzitenganishe. Jingine lina maji na vikombe vya ukubwa tofauti, umimine bila kumwaga. Vifungo vya mashati. Kamba za kufunga na kufungua. Udongo wa kichuguu, masizi, mkaa. Unaingia, unachukua kopo moja unalotaka wewe, unakaa nalo, ukimaliza unalirudisha pale pale. Yeye aliita vile vitu kazi. "Chukua kazi yako," alisema asubuhi, halafu anakaa kwenye kigoda na kututazama kama mtu anayetazama mvua. Hakuniuliza jina. Siku ya kwanza nilisubiri aniulize mpaka tukaruhusiwa kwenda nyumbani.

Tulimwita Mwalimu Sijui. Jina hilo alilitoa Doto, mtoto wa jirani yetu, ambaye alikuwa anaongea sehemu yake na sehemu yangu pia. Ukimuuliza mwalimu jambo lolote, jibu lake lilikuwa moja. Mwalimu, kwa nini maji ya kikombe kirefu na kifupi yanalingana? "Sijui. Mimina tena uone." Mwalimu, mbegu hii ina nini ndani? "Sijui. Ipasue." Nilipoanza kupaka udongo mwekundu ukutani kwa kidole, ukakauka na kuanguka kama ngozi ya kidonda, nilimtazama tu. Akaelewa swali langu. "Sijui," akasema. "Jaribu na kitu kingine." Nikajaribu na maji mengi, ukaanguka. Nikajaribu na mate, ukaanguka polepole zaidi. Siku ya tatu nilichanganya na uji uliobaki kwenye kikombe changu, na kesho yake udongo ulikuwa bado uko ukutani, na kucha haikuung'oa. Alikuja akaukwaruza na yeye kwa kucha yake. Hakunisifu. Alisema, "Alaa," kwa sauti ya mtu aliyepata habari mpya.

Sasa, nilikuwa mtoto, na watoto huamini wanachoambiwa. Niliamini kwamba hajui. Niliamini kabisa kwamba mtu huyu mkubwa mwenye miwani alifukuzwa kwenye shule za kweli kwa sababu hana anachokijua, na kwamba mke wake anamlisha kwa huruma. Nilimwonea uchungu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nawaza ni kitu gani ninachokijua mimi ambacho naweza kumpa.

Miaka mingi baadaye, yule rafiki yangu mfinyanzi alinieleza kwamba shule za namna ile zipo sehemu nyingi duniani, zenye rafu fupi na kazi za kuchagua, na mwalimu anayemfuata mtoto badala ya kumtangulia. Yeye mwenyewe alisoma miaka miwili ya kwanza kwenye shule kama hiyo Dodoma, na hadi leo akianza chungu haanzi na picha ya chungu kichwani. Anakaa na udongo kwanza. Kijana mwingine wa pale kwenye maonyesho, anayeshona picha kwa vipande vya mitumba, akasema hata yeye alilelewa na dada aliyekuwa akiwapa watoto mkasi halisi na kuondoka zake. Tulicheka, tukagundua kwamba sisi watatu tunafanya kazi kwa njia moja, ya kuanza bila kujua. Nikafikiri, kumbe mwalimu wetu hakuyabuni yote. Lakini siku zile sikujua chochote kuhusu hayo. Nilijua tu kwamba mtu mzima anahitaji msaada wangu.

Nafasi ilikuja siku ng'ombe walipopita nje kwenda kunywa maji lamboni. Tulikimbilia mlangoni. Doto akamuuliza mwalimu wale ni wa nani, akasema hajui, halafu akaongeza, "Kwangu mimi wote ni ng'ombe tu."

Doto alicheka hadi akakaa chini. "Jamani! Mwalimu hajui ng'ombe! Yaani hata ng'ombe!"

Mimi sikucheka. Nilijua sasa nitampa nini.

Baba yangu, kama baba wengi kwetu, huwajua ng'ombe wake kwa rangi na madoa. Jioni wanaporudi husimama kando ya mlango wa zizi na kuwataja taratibu wanapoingia. Huyu mwenye shuka mabegani. Huyu aliyemwagiwa maziwa tumboni. Huyu wa vidole vitano ubavuni. Akikosekana mmoja, atamjua bila kugusa namba. Kuhesabu kwa kidole, moja mbili tatu, hapana. Hilo hakuna aliyenikalisha chini kunieleza, lakini nilijua, kama nilivyojua kutoruka miguu ya mtu aliyekaa. Ng'ombe wakihesabiwa kwa kidole wanapungua.

Nilianza na majike. Nilichora mzunguko wa mwili kwa mkaa, miguu, pembe, mkia, halafu nikajaza madoa kwa udongo na uji, na kwa masizi na uji. Weupe sikuhitaji kuupaka, ukuta ulikuwa mweupe tayari. Nilichukua siku nyingi. Mwalimu hakuuliza ninachora nini. Aliniongezea masizi kila asubuhi, akanisogezea kigoda chake mwenyewe nilipofika sehemu za juu. Nilipomaliza yule dume mweusi, ambaye nilimweka mwisho, chini, mkubwa kuliko wote, ukuta mzima wa upande wa lambo ulikuwa zizi letu.

Mwalimu alisimama mbele yake muda mrefu. Nilifurahi. Nilifikiri, sasa anajifunza. Halafu akauliza swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza. "Wako wangapi?"

Niliganda. Doto hakuganda. Alinyoosha kidole, akaanza, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya kuimba, na watoto wote wakaitikia, mpaka kwa dume. Namba ile ilisemwa kwa nguvu ndani ya ghala lenye mwangwi. Siiandiki hapa. Baba bado yuko hai na ng'ombe anao.

Doto aliibeba habari hadi bombani, na kutoka bombani ikafika nyumbani kabla ya ndoo. Wakati huo kulikuwa na maneno kwamba watu wa mifugo watapita vijijini kuandikisha ng'ombe na kuwapiga chapa, na wenye wengi wataambiwa wapunguze. Kama yalikuwa kweli au la, sijui. Baba alikuwa ameshawagawa baadhi kwa ndugu kwa siri. Jioni ile alisimama mlangoni mwa zizi, lakini hakuwataja. Waliingia kimyakimya. Kisha akamwambia mama, bila kunitazama, "Mwanao amemwandikia yule mtu zizi lote."

"Mtoto amechora tu," mama akasema.

"Amechora kwa nani? Mtu mzima, mwalimu, ana miwani, kila kitu anasema hajui. Wewe umewahi kuona mwalimu hajui? Anajua sana. Anawaambia watoto hajui ili wamwambie wao. Hivyo ndivyo wanavyofanya sasa, hawaji kwako, wanakuja kwa mtoto."

"Lakini Minza haongei."

"Ndiyo hapo! Asiyeongea wamempa mkaa."

Baba akamalizia kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga kazi za kesho. Kesho ataenda kuufuta ukuta. Ijumaa shangazi anakuja Bariadi sokoni, atarudi na mimi Sola.

Sikulia. Nililala nikiwaza kwamba nimewapunguza ng'ombe wa baba, na kwamba mwalimu ni jasusi, na kwamba vyote viwili nimevifanya kwa kumwonea mtu huruma.

Asubuhi baba hakutoka na ng'ombe. Alimwachia kaka mkubwa, akanitanguliza njiani na fimbo yake begani. Tulipofika ghalani, watoto walikuwa wameshachukua makopo yao. Mwalimu alisimama.

"Mwangaluka, mwalimu," baba akasema. Hata akiwa na hasira baba husalimia.

"Mwangaluka, Baba Minza. Karibu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nyumbani kuzuri. Wewe umetumwa na nani?"

Mwalimu akavua miwani. "Kutumwa? Sijui unasema nini, mzee wangu."

"Hiyo hiyo sijui yako!" Baba aligeuka kwetu kana kwamba tulikuwa mashahidi. Doto akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Nimekuja kwa ajili ya ukuta. Huu."

Akauona. Naye alikuwa hajauona bado, alikuwa amesimuliwa tu. Macho yake yalipita juu ya ng'ombe wake wote upesi, halafu yakarudi na kupita polepole. Kisha akainua fimbo, akaigusa chokaa kwa ncha yake. "Futa."

Mwalimu alikwenda kona ya ghala, akachukua ndoo na kitambaa. Alirudi nusu ya njia akasimama. Akaiweka ndoo chini.

"Mimi siwezi kufuta," alisema.

"Huwezi?"

"Si kazi yangu. Ni ya Minza. Hapa kazi ya mtoto haiguswi na mwingine, hata mimi. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize mtoto?"

"Muulize."

"Nchi hii," baba akasema. Alipumua. Akanigeukia. "Minza, futa."

"Hiyo si kuuliza, Baba Minza," mwalimu akasema kwa upole kabisa.

Nilidhani fimbo itamshukia. Baba alimtazama yule mtu wa Mbeya, mfupi, amevaa malapa, mikono imejaa chokaa, anayemsahihisha namna ya kuongea na mtoto wake. Watoto wote walikuwa wameacha kazi. Kwa mbali bodaboda ilipita ikapotea. Kisha baba yangu akachuchumaa. Magoti yalilia. Uso wake ukawa usawa wa uso wangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwa Kisukuma, akaniuliza. Aliniuliza kama nataka ng'ombe wake wabaki pale watu wawahesabu, au nataka waondoke.

Sikutaka wahesabiwe. Sikutaka waondoke. Nilitazama ukuta nikitafuta mahali pa kusimama kati ya mambo hayo mawili. Nikaona yule mwenye shuka mabegani. Nikaona kwamba hata nikifumba jicho kidogo, hata nikimtoa pembe na miguu, bado ni yeye.

"Baba," nikasema, "ukiona madoa matupu, utawajua?"

Nilisema kwa Kisukuma, sauti ndogo, lakini ghala lile lilikuza kila kitu. Doto aligeuka. Watoto wote waligeuka. Mwalimu, ambaye alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu tangu nilipofika, hakupiga makofi wala kutabasamu. Alisogeza tu ndoo karibu yangu kwa mguu.

"Mimi?" baba akasema. "Hata gizani."

Nikachukua kitambaa.

Mkaa juu ya chokaa hautoki wote. Unatoka ukiacha kivuli, na inabidi urudie kwa maji mapya. Nilifuta pembe kwanza, kisha masikio, miguu, mikia. Nilifuta migongo na matumbo. Madoa ya udongo na uji hayakutikisika. Yalibaki pale yalipokuwa, yameelea, mekundu na meusi na ya kahawia, mengine yameungana na ya jirani sasa kwa kuwa hapakuwa na mwili wa kuyatenga. Mwalimu alibadilisha maji mara nne. Kigoda alikishika baba, kwa sababu kilikuwa kinatikisika, nadhani hata hakujua kwamba amekishika.

"Sasa si matope tu!" Doto akalalamika. "Kaharibu!"

Baba hakumsikia. Alikuwa ameanza kutembea kando ya ukuta, midomo inacheza. Mwanzoni sikusikia, halafu nikasikia. Alikuwa anawataja. Shuka mabegani. Maziwa tumboni. Vidole vitano, na binti yake huyo hapo nyuma, na yule tuliyempeleka kwa mjomba. Alifika mwisho wa ukuta akasimama, akaonekana kuhangaika.

"Na mweusi? Mweusi yuko wapi?"

Mweusi alikuwa wa masizi matupu mwili mzima, bila uji, hana doa, sikuwa na jinsi ya kumbakiza. Nilikuwa nimemtandaza kwa kitambaa mpaka akawa wingu la kijivu chini kabisa, linalogusa sakafu.

"Amelala," nikasema.

Baba akacheka. Alicheka kicheko kifupi cha puani, kile anachocheka ndama akimkanyaga. Akamgeukia mwalimu, akaunyooshea ukuta fimbo.

"Haya, mwalimu. Hesabu."

Mwalimu alivaa miwani. Alisogea, akarudi nyuma. Akanyoosha kidole. "Moja," akasema. "Mbili. Hii... hii na hii ni mmoja, au ni wawili?" Akaanza upya kutoka upande wa pili. Alipotea tena katikati. Watoto walianza kumsaidia, kila mmoja na namba yake, hata Doto akakwama, na baba akasimama pale akiwasikiliza kwa raha kubwa, kama mtu aliyekaa kivulini anatazama wengine wanasukuma gari.

Watu wanaotazama turubai zangu huniuliza madoa haya ni nini. Wengine wanaona ramani, wengine mawingu, mmoja aliona ugonjwa wa ngozi. Sijawahi kuwakatalia. Nafanya kazi hivyo hadi leo, nachora kitu kizima kwanza kwa mkaa, kwa bidii yote, halafu nakifuta na kubakiza kile ambacho mwenyewe angekijua. Mwalimu hakunifundisha hilo. Alichonifundisha ni kwamba kitambaa ni changu. Mkewe alihamishwa baada ya miaka miwili, naye akamfuata, mimi nikiwa nimeshaingia shule, nikiitikia jina langu kwa sauti ndogo inayotosha. Ghala limevunjwa, pamejengwa fremu za maduka.

Ijumaa shangazi alikuja kweli. Alifika na mtoto mgongoni na mfuko wa ndizi, akakaa na mama, wakanywa chai. Nguo zangu zilikuwa zimeshafungwa kwenye khanga tangu juzi yake na hakuna aliyezifungua. Nilikaa karibu nazo. Baba alirudi kutoka kwa ng'ombe, akamsalimia dada yake, wakaulizana habari za kila mtu aliye hai. Kisha shangazi akasema, "Basi mnipe mtoto, nisichelewe gari."

"Huyu haendi," baba akasema. "Ana kazi mjini."

Shangazi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kazi? Huyu? Hata kuongea haongei, kazi gani hiyo?"

Baba alifikiri. Nilimwona anafikiri, anatafuta jina la kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekiona mara moja tu.

"Anaficha ng'ombe," akasema, akaenda kufunga zizi.